Arusha: Mkoa Mkubwa, Mlima Mmoja

Mtu wa visiwani anaposhuka katika uwanja mdogo wa ndege wa Kisongo, nje kidogo ya jiji la Arusha, humsalimu kwanza baridi. Mji ule umekaa kwenye kimo cha mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na aliyeondoka Unguja alfajiri na shati la mikono mifupi hujuta kwamba hakuchukua sweta. Kisha, ikiwa mawingu yametawanyika, huuona Mlima Meru umesimama juu ya mapaa ya mji, mpana na wenye kivuli, kama mzee aliyekaa barazani akiwatazama wajukuu wake.

Maofisa wetu wengi wameufikia mji huo. Huenda kwa ajili ya mikutano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa semina na kwa mafunzo. Hushukia hotelini, huingia ukumbini, hutoka na makabrasha, na siku ya tatu hurejea nyumbani. Mlima hubaki nyuma ya pazia la dirisha.

Leo tunapenda kulifungua pazia hilo. Twaamini kwamba asiyeuelewa mlima ule hawezi kuuelewa mkoa wenyewe, na kwamba yale yanayoupata yanatuhusu sisi wa visiwani zaidi kuliko tunavyodhani.

Ukubwa wa ramani na ukubwa wa riziki

Tuanze na hesabu. Mkoa wa Arusha una eneo la zaidi ya kilomita za mraba 34,000. Unguja na Pemba kwa pamoja ni kilomita za mraba 2,654. Kwa hivyo visiwa vyetu vingeweza kuingia ndani ya mkoa ule mara kumi na mbili na nafasi ikabaki. Tena huo ni mkoa uliokwisha kupunguzwa, kwani mwaka 2002 wilaya za Babati, Hanang, Mbulu, Kiteto na Simanjiro zilitolewa kwake zikawa Mkoa wa Manyara. Kwa upande wa watu, Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,356,255 mkoani Arusha, na watu 1,889,773 Zanzibar.

Mwenye kuzitazama tarakimu hizo haraka haraka atasema: wenzetu wana nafasi ya kujimwaga. Nasi tulikuwa tukisema hivyo. Lakini zaidi ya nusu ya watu wa mkoa ule wanaishi katika halmashauri tatu tu zilizoshikana na mlima: Jiji la Arusha, Halmashauri ya Wilaya ya Arusha na Halmashauri ya Meru. Eneo la halmashauri hizo tatu ni kiasi cha kilomita za mraba 3,000, yaani halizidi sana eneo la Unguja na Pemba zikiunganishwa.

Na hiyo nchi nyingine iliyobaki? Karatu ina nyanda za juu zenye rutuba, na kitunguu cha Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, kina sifa sokoni. Lakini sehemu kubwa ya Monduli, Longido na Ngorongoro ni mbuga za mifugo na wanyama pori, ambako mvua ni ya kubahatisha. Ukame wa mwaka 2009 uliua ng'ombe kwa wingi katika nchi ya Wamaasai, na familia zilizokuwa na mazizi yaliyojaa zilijikuta zikihesabu mifupa. Nchi ya namna hiyo ina thamani yake, na watu wake wana maarifa ya kuishi nayo. Lakini haiwezi kuwapokea watu wote wanaobanwa mlimani.

Basi huo ndio ukweli wa kwanza ambao ramani huuficha. Ukubwa wa nchi ni jambo moja, na ukubwa wa riziki ni jambo jingine. Mlima Meru ni kisiwa: kisiwa cha kijani kilichozungukwa na nchi kavu, kama vile sisi tulivyozungukwa na maji ya chumvi.

Upepo wa kusi na majivu ya kale

Mlima huo una kimo cha zaidi ya mita 4,560, na katika Tanzania unazidiwa na Kilimanjaro peke yake. Ni mlima wa volkano. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka, tope na mawe vikatapakaa hadi tambarare, na ndiyo maana kilele chake leo kina umbo la kiatu cha farasi kilicho wazi upande wa mawio. Katika mabonde yaliyoachwa na maporomoko hayo yamekaa maziwa ya Momella. Mara ya mwisho mlima ulipotoa majivu ilikuwa mwaka 1910.

Majivu hayo ya kale ndiyo yaliyozaa udongo mweusi wenye rutuba. Na mvua je? Hapa baharia wa Nungwi au Wete atatuelewa vizuri kuliko mtu mwingine. Ule upepo wa kusi anaoujua yeye, unaobeba unyevu wa bahari wakati wa masika, huendelea na safari yake bara mpaka ukagonga miteremko ya kusini na mashariki ya Meru. Hapo hupanda, hupoa, na kuiachia mvua. Upande wa pili wa mlima, kaskazini na magharibi, upepo hufika mtupu. Mtu anaweza kuondoka katika migomba inayodondosha maji, akauzunguka mlima kwa gari, na mchana uleule akajikuta penye vumbi na miiba.

Mvua hiyo hunywewa na msitu wa juu, hupenya katika mawe, na hutokea chini kwa chemchem. Ndizo zinazozaa mito ya Themi, Burka, Naura, Nduruma, Usa na mingineyo. Jiji la Arusha limejengwa katikati ya mito hiyo, na wala halikujengwa hapo kwa bahati.

Watu wa mlimani na vita vya ardhi

Wameru ndio waliotangulia kuikata misitu ya miteremko ya kusini mashariki, wakapanda migomba na kufukua mifereji ya kumwagilia. Waarusha, watu wa lugha ya Kimaasai walioshika jembe, walifika upande wa kusini magharibi katika miaka ya 1830. Watu hao wawili walipigana, wakaoana, wakajifunza kugawana maji. Mfereji ulikuwa na wenyewe, na zamu ya maji ilikuwa na sheria yake.

Kisha wakaja Wajerumani. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri waliuawa Akeri, na adhabu iliyofuata haikuchagua mwenye hatia na asiye na hatia: watu waliuawa, ng'ombe walitekwa, migomba ikafyekwa. Mwaka 1900 watawala kadhaa wa Uchaga, Meru na Arusha walinyongwa mjini Moshi. Mwaka huohuo Boma la Arusha lilikamilika, likiwa limejengwa kwa jasho la watu walioshindwa. Leo jengo hilo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, na watoto wa skuli huingia humo wakicheka, jambo ambalo ni jema.

Lakini jeraha kubwa zaidi lilikuwa la ardhi. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waligawa nchi ya chini ya mlima kwa walowezi, wakiwemo Makaburu waliotoka Afrika Kusini. Mashamba hayo yaliuzunguka mlima kama pete. Wenyeji wakabaki katikati, juu wakizuiwa na hifadhi ya msitu, chini wakizuiwa na mashamba ya wageni, huku watoto wakizidi kuzaliwa na ng'ombe wakikosa njia ya kwenda malishoni. Visiwani twajua maana ya kubanwa. Lakini sisi tulibanwa na Mungu kwa bahari, na wao walibanwa na binadamu kwa hati.

Mwezi Novemba 1951 Serikali ya Kiingereza iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki, kaskazini mashariki mwa mlima, ili ardhi hiyo ipewe wafugaji wa Kizungu. Nyumba zilichomwa na mali ikapotea. Wameru hawakurusha mkuki. Walichangishana fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Ndugu Kirilo Japhet kwenda New York, pamoja na mwanasheria wao Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, kuishtaki Serikali hiyo mbele ya Umoja wa Mataifa. Ilikuwa miaka mitatu kabla ya Mwalimu Julius Nyerere kusimama mbele ya Baraza la Udhamini mwaka 1955. Ardhi haikurudi papo hapo, lakini Tanganyika nzima ilijifunza kwamba mkulima wa mgomba anaweza kumwita mtawala wake mbele ya dunia.

Twayakumbusha haya kwa sababu suala la ardhi halijafungwa katika mkoa ule. Tangu mwaka 2022 baadhi ya wakaazi wa Hifadhi ya Ngorongoro wamehamishiwa Msomera, Handeni, na mjadala juu ya jambo hilo umekuwa mkubwa, ndani na nje ya nchi. Haifai kulijadili suala hilo bila ya kuikumbuka Ngarenanyuki. Historia ya mkoa huo inafundisha kwamba uamuzi wa ardhi uliochukuliwa bila ya ridhaa ya wenyewe hukaa ndani ya nyoyo za watu miaka mingi baada ya karatasi zake kuchakaa.

Mji wa maazimio

Reli ilifika Arusha mwaka 1929, na kahawa ikapata njia ya kushuka Tanga. Hata hivyo mji ulibaki mdogo. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta watu wapatao 32,000 tu. Lakini mwaka huohuo jina lake lilivuma duniani. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapo kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari, na tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha likatangazwa. Tarehe hiyo ina maana kwetu pia, kwani miaka kumi kamili baadaye, tarehe 5 Februari 1977, TANU na Afro-Shirazi ziliungana na kuzaa Chama Cha Mapinduzi.

Mwaka 1967 pia Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifanya Arusha makao yake. Ilivunjika mwaka 1977, ikafufuliwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Katika miaka hiyo mji ulikuwa mahali pa kuwapatanisha majirani: mkataba wa amani ya Rwanda ulitiwa saini hapo Agosti 1993, na wa Burundi Agosti 2000. Mahakama ya Kimataifa iliyowahukumu waliohusika na mauaji ya Rwanda ilifanya kazi Arusha kuanzia mwaka 1995 hadi 2015.

Mikutano huleta wageni, na wageni huleta fedha. Kwa upande wa viwanda mambo hayakuwa mepesi hivyo: kiwanda cha matairi cha General Tyre, kilichokuwa fahari ya mji, kilisimama mwaka 2009. Lakini utalii ulikua. Ngorongoro, Manyara, Tarangire na Serengeti zote hufikiwa kwa kupitia Arusha, na Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, imo mlimani penyewe. Madini ya tanzanaiti, yaliyogunduliwa mwaka 1967 Mererani, leo yamo katika Mkoa wa Manyara, lakini biashara yake ndiyo iliyoineemesha mitaa mingi ya Arusha.

Hapa ndipo mlima na bahari hupeana mkono. Mtalii aliyemwona simba Jumatatu hupanda ndege ndogo, na jioni ya siku nyingine yuko ufukweni Nungwi au Paje. Mboga anayoila hotelini mara nyingi imevushwa kutoka bara. Biashara hiyo ni moja, na kinachoharibika upande mmoja hudhoofisha upande wa pili.

Maji

Sasa tunafika kwenye lile lililotufanya tushike kalamu. Kahawa, ndizi, mboga, maua yanayopelekwa Ulaya kwa ndege, hoteli, ofisi za Jumuiya na mabomba ya jiji vyote vinakunywa kutoka mlima mmoja. Na wanywaji wanazidi. Watu wale 32,000 wa mwaka 1967 walikuwa 416,442 katika Sensa ya 2012, na 617,631 katika Sensa ya 2022. Ni kweli kwamba mipaka ya mji imepanuliwa, lakini chemchem hazikupanuliwa pamoja nayo.

Tena si kila maji ya Meru ni salama. Miamba ya volkano huyatia madini ya floraidi, na maji yenye floraidi nyingi huyatia meno rangi ya kahawia, na yakinywewa kwa miaka mingi huipinda mifupa ya watoto. Uko mto unaoitwa Maji ya Chai kwa sababu ya rangi yake. Huko Ngurdoto kipo kituo kinachochunguza njia za kuisafisha floraidi kwa kutumia mkaa wa mifupa ya wanyama. Serikali nayo ilitekeleza mradi mkubwa wa maji wa jiji, wa shilingi bilioni 520, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na sehemu ya maji yake inachimbwa visimani katika Wilaya ya Hai. Yaani mji uliozaliwa kwa sababu ya wingi wa maji, sasa unayafuata maji kwa jirani.

Wakati huohuo nyumba zinapanda mlimani. Kihamba alichoacha babu hugawanywa kwa wana watano, kisha kwa wajukuu, mpaka mgomba hauna pa kusimama. Anayebanwa huuza kiwanja, na mnunuzi hujenga. Hatumlaumu anayeuza, kwani ana watoto wa kuwasomesha. Lakini kila paa jipya na kila uwanja wa saruji hupunguza mahali ambapo mvua ingeingia ardhini. Maji yale hukimbia juu juu, huleta mafuriko mjini wakati wa masika, na wakati wa kiangazi chemchem hupungua.

Mzanzibari atauliza: haya yanatuhusu nini? Tumjibu kwa kuufuata mto. Maji ya Meru hushuka katika Mto Kikuletwa, hukutana na ya Kilimanjaro katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, huwa Mto Pangani, huzungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, kisha huingia baharini, katika maji yaleyale yanayotazamana na visiwa vyetu. Umeme wa mitambo hiyo huingia katika gridi ya taifa. Unguja iliunganishwa na gridi kwa waya wa chini ya bahari mwaka 1980, na Pemba mwaka 2010 kwa waya unaotoka Tanga. Umeme ukishachanganyika hakuna awezaye kusema taa hii ni ya mto ule. Lakini mama anayewasha taa Chake Chake ana haki ya kuuliza habari za msitu wa Meru.

Yanayotupasa

Kwa hivyo tuna maneno matatu kwa wenye mamlaka.

La kwanza, mipango ya Arusha isipimwe kwa upana wa ramani. Anayegawa viwanja, anayeruhusu hoteli na anayealika kiwanda aulizwe kwanza: maji yatatoka wapi? Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani isikilizwe kabla ya kibali kutolewa. Ikisikilizwa baada ya ukuta kusimama haitakuwa na la kufanya.

La pili, sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto na chanzo cha maji. Isisimamiwe kwa mnyonge mwenye vibanda viwili vya mahindi tu, huku mwenye jumba akipita. Wazee wa mfereji walimtoza faini aliyeiba zamu ya maji bila ya kujali ukoo wake. Serikali haifai kushindwa na wazee wa mfereji.

La tatu ni letu wenyewe. Mji wa Zanzibar nao ulikua kwa maji ya chemchem za Bububu, ambayo Sayyid Barghash aliyaleta mjini kwa mabomba katika karne ya 19, na msitu wa Masingini ndio mwamvuli wa vyanzo vyetu. Watu wetu walikuwa 1,303,569 mwaka 2012; hesabu ya 2022 tumekwisha kuitaja. Kila nyumba inayoukaribia msitu ule ni sawa na nyumba inayopanda Meru. Tukiwashauri wenzetu wa bara na kwetu tukafumba macho, tutakuwa kama mganga anayekohoa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Meru bado unazibika, na wetu pia. Basi ofisa wa visiwani atakayekwenda mkutanoni Arusha, tunamwomba jambo moja dogo: asubuhi kabla ya kuingia ukumbini alifungue pazia, autazame mlima, kisha amwulize mwenyeji wake chemchem ya mtaa wao ingali ikitoka. Jibu atakalopewa aje nalo nyumbani pamoja na makabrasha yake.